Sampuli Niliyoitia Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha nguo pale EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, sikushika cherehani. Nilipewa mkasi mdogo wa kubana kwa vidole viwili nikaambiwa nikate nyuzi. Kazi hiyo iliitwa trima. Nguo ikishashonwa hubaki na vijiuzi vinavyoning'inia kwenye mishono, na trima ndiye anayeviondoa bila kugusa kitambaa. Nilikata tangu asubuhi, na ilipofika saa nne supavaiza wa laini akainua fulana moja niliyoipitisha, mbele ya wenzangu wote.

"Wewe uko na macho ama uko na matundu tu?" aliniuliza. "Huu uzi unaachia nani? Mama yako atakuja kuukata?"

Nilikuwa nimetoka kijijini Kivaa na cheti cha ushonaji nilichokithamini kupita kiasi, na nilitaka kulia. Nilimchukia yule mama supavaiza kwa miezi mingi, kisha nikaanza kumwiga bila kujua. Hadi leo nikiona uzi umening'inia kwenye koti la mtu kanisani, mahubiri yananipita. Nawaeleza hayo vijana mnaosoma ili mjue anayesema nanyi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kuona kasoro. Ile kubwa kuliko zote niliifanya mwenyewe, na nitaifikia.

Kiwanda kile kilishona nguo za michezo za kupelekwa ng'ambo: jezi za mpira wa kikapu, kofia, majaketi ya mashabiki. Timu zenyewe hatukuwahi kuziona zikicheza. Tulizijua kwa rangi na kwa wanyama wao. "Leo tuko na dubu," tungeambiana langoni, au "leo ni yule ndege wa kichwa chekundu, macho yatauma." Baada ya mwaka wa kukata nyuzi nilihamishiwa idara ya tarizi, yaani mahali nembo zinapochorwa kwa sindano juu ya kitambaa. Mashine za pale zilikuwa na vichwa vingi, kila kichwa na sindano zake, na zote zilishona kitu kimoja kwa pamoja. Kelele zake zilinifanya niwe mtu wa kupaza sauti hata mezani nyumbani.

Nilipokuwa pale nikajifunza kupanchi. Mchoro wa nembo ukitoka kwa mteja, mashine haiuelewi. Lazima mtu akae kwenye kompyuta aiambie sindano ianzie wapi, ilale upande gani, irudi kwa njia ipi. Ukikosea, kitambaa kinavutwa na uzi, nembo inajikunja kama chapati iliyoungua. Nyuma ya kitambaa huwekwa bakingi, karatasi nzito ya kukishikilia kisivutwe. Kuna watu walishona miaka kumi wakidhani bakingi ni takataka ya kutupwa. Mimi niliipenda kazi ya kupanchi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu, na sioni haya kusema niliijua vizuri.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu nembo za timu hayatoki hewani. Nembo nzuri ina rangi chache na mstari unaojua unakoenda. Hawa wachoraji wa siku hizi wanaoweka rangi inayofifia kidogo kidogo hawajawahi kufikiria sindano hata mara moja, kwa sababu uzi haufifii. Jezi zenyewe sasa hazitariziwi, zinachapishwa kwa joto kitambaa kizima, nembo, namba na jina la mfadhili, vyote siku moja. Mfadhili anaandikwa kifuani kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, halafu nembo ya klabu inabanwa pembeni ikawa kama kifungo. Ukimuuliza kijana aliyeivaa kwenye nembo kuna nini, anainama kwanza kuangalia.

Bosi wangu mkubwa katika miaka ile alikuwa Meneja wa Sampuli, mzee mwembamba kutoka bara Asia, aliyejifunza Kiswahili palepale kwenye sakafu ya kiwanda. Yeye ndiye aliyenifundisha sampuli ya kufunga. Kabla ya oda kuanza, hushonwa nguo moja ya mfano. Ikikubalika hufungwa kadi kwa uzi kwenye kola, kadi huandikwa "Imekubaliwa", huwekwa sahihi ya aliyeitengeneza pamoja na cheo chake, kisha nguo hutiwa ndani ya mfuko. Kuanzia hapo kiwanda kizima kinaifuata ile moja.

Siku moja nilikataa kutia sahihi. Ilikuwa nembo ya samaki mwenye meno na miwani, kitu cha kuaibisha. Nikamwambia siipendi.

"Sindano mbaya?" akauliza.

"Sindano ni sawa."

"Uzi mbaya? Bakingi mbaya?"

"Kila kitu ni sawa, lakini samaki ni mbaya."

"Ndinda," akasema, akinisukumia kalamu, "samaki si yako. Samaki ya mwenyewe. Sahihi hapana kupenda. Sahihi ni kazi iko sawa. Weka."

Nikaweka. Niliweka sahihi nyingi sana baada ya hapo, juu ya nembo nilizozipenda na nilizozichukia, na hakuna hata moja iliyonikosesha raha. Sahihi ikawa sehemu ya mkono wangu tu, sawa na kufunga fundo mwisho wa uzi.

Jambo lingine nililojifunza kwa mzee yule nilidhani halinihusu. Tulikuwa katikati ya oda kubwa ya kofia, tumeshashona jina la mji mbele, akaja akasema tusimame. Mji umebadilika. Tulikaa siku nyingi tukifumua herufi zilezile tulizozishona. Nikamuuliza mji unabadilikaje. Akanieleza kwamba kule timu ni ya mtu mmoja au kampuni, na mwenyewe akitaka anaibeba anaenda nayo mji mwingine, jina na wachezaji wote.

"Na wale watu wa mji wa kwanza?" nikauliza.

"Wanabaki pale," akasema. "Nyumba yao iko pale."

Tulicheka sana mezani. Tuliwaona watu wa kule wajinga, wanaopenda kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukitia mfukoni. Sijui kwa nini hatukuwahurumia.

Baadaye nilipelekwa ukaguzi, chini ya Mkaguzi Mkuu, mwanamume asiyewahi kumsifu mtu yeyote, nami nikafurahi naye. Kisha oda zikapungua. Mashine za tarizi zikaanza kufunikwa nailoni moja baada ya nyingine, na asubuhi moja tukaitwa kantini tukaambiwa idara imefungwa. Mkaguzi Mkuu mwenyewe alikuwa kwenye orodha. Tulipeana mikono langoni na sikumwona tena.

Nikarudi upande wa kwetu, Machakos mjini, nikapangisha kibanda karibu na soko, nikanunua mashine kuukuu ya tarizi yenye kichwa kimoja. Nilitarizi beji za sweta za shule na sare za akina mama wa makanisa, msalaba leo na msalaba kesho. Ilikuwa kazi ya heshima lakini haikuwa na ugumu wowote, na mtu aliyezoea ugumu huanza kukauka ndani. Nilikuwa hivyo Mwalimu aliponijia.

Namwita Mwalimu kwa sababu alinifundisha darasa la sita, alipokuwa amepangiwa shule kule kwetu. Sasa alikuwa amestaafu na alikuwa katibu wa klabu ya mpira iitwayo Nzuki, neno letu la nyuki. Yeye na wenzake, walimu na wafanyakazi wa kiwanda cha kahawa, walikuwa wameianzisha wakiwa vijana. Haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na wanachama waliojiandikisha kwenye daftari lake la kurasa kubwa, wengi wao wakulima wadogo wa milimani wanaoteremka mjini Jumapili baada ya ibada. Jezi zilikuwa za kahawia na manjano. Nembo ilikuwa mzinga wa gogo unaoning'inia, na nyuki watatu.

"Nataka unishonee hawa nyuki," akasema, akatoa karatasi iliyochakaa.

Nikaangalia. Nyuki mmoja alikuwa na bawa fupi.

"Mwalimu, huyu iko na shida. Bawa halijakamilika. Nitamrekebisha."

"Usimguse," akasema. "Nilikuwa nachora kwa ubao, chaki ikavunjika. Wakapiga kura hivyo hivyo. Huyo ndiye watu wanampenda."

Nikashona bawa fupi, na kwa miaka yote iliyofuata liliniwasha macho kila nilipoliona. Mwalimu akanifanya mtunza jezi. Msidhani ni cheo cha kufua tu, ingawa kufua kupo: maji baridi, jezi ndani nje, usikamue, usianike kwenye jua kali. Mtunza jezi anajua nani amenenepa na hataki kusema, nani anavaa namba ya aliyeondoka na anaiogopa. Tulikuwa na golikipa aliyeniletea glavu zake nizifue peke yake, kwenye beseni lake, kwa sababu alidhani mabao huambukizwa. Nilimcheka na nikamnunulia beseni.

Nzuki tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila jezi mpya, kabla ya kuvaliwa, ilianikwa golini. Niliitundika sampuli kwenye mwamba wa goli Jumapili alasiri, wanachama wakapita mmojammoja, wakaishika, wakasema yao. "Hii kola inakaba." "Manjano imekuwa ya embe bovu." Kisha mikono ikainuliwa. Mikono ikikataa, nilirudi kushona nyingine, na nimewahi kurudishwa mara tatu kwa sababu ya kola. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Nani angekaa aandike jambo ambalo kila mtu analijua?

Kilichoandikwa kwenye katiba ya klabu kilikuwa kitu kingine. Jina, rangi na nembo havingebadilishwa bila sahihi za maafisa wawili kati ya watatu: mwenyekiti, katibu na mtunza jezi. Mimi nilishangaa kujikuta humo. Mwalimu alinijibu kwamba mtu anayezishika jezi kila wiki ndiye mgumu kudanganywa juu ya jezi. Nilitembea nikiwa nimejaa fahari siku ile.

Timu ikapanda ligi, na kupanda kukawa ndiyo shida yetu. Huko juu safari ni ndefu, wachezaji wanataka mkataba, na michango ya Jumapili haifiki. Ndipo akaja Mwekezaji. Alikuwa mtu wa kujenga nyumba za kuuza huko upande wa Nairobi, mpole, anayesalimia wazee kwa mikono miwili. Alileta basi na kocha mwenye cheti. Walikubaliana na wanachama kwa maandishi: yeye ataiendesha timu, lakini Nzuki ni lazima ichezee nyumbani Machakos maadamu inaitwa Nzuki na ina nembo ya Nzuki. Mwalimu ndiye aliyesisitiza sentensi ile iandikwe. Alisema jina na nembo ndizo kamba za mbuzi huyu, na kamba iko mikononi mwetu.

Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili, Mwenyekiti akaanza kupanda gari la Mwekezaji, akaanza kusema "sisi" akimaanisha watu wengine. Mwalimu aliyaona hayo. Mimi sikuyaona, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno, na mimi niliangalia vitambaa.

Alasiri moja meneja wa biashara wa Mwekezaji aliingia kibandani mwangu, kijana wa Syokimau mwenye viatu vyeupe.

"Sasa mathe," akasema. "Tunasikia wewe ndio mkali wa nembo hapa Machakos. Ebu check hii."

Akafunua jezi ya buluu. Kifuani ilikuwa na tai aliyekunjua mabawa. Haikuwa na jina lolote. Tai alikuwa ameshonwa vibaya mno, kingo zimejikunja, bakingi imekatwa kwa meno nadhani.

"Ni ya nani hii?" nikauliza.

"Ni proposo tu ya msimu ujao. Boss anataka kuona ikitengenezwa poa. Hao watu wa Nairobi wameiharibu, si unaona?"

Niliona. Niliona pia rangi, na niliichukia. Lakini nilifikiri hivi: italetwa golini, itaanikwa, wazee wataishika wataitukana, mikono itakataa, nami nitakuwa wa kwanza kukataa. Kwa miaka yote jezi zilikuwa zimekwenda njia hiyo. Sampuli ilikuwa sampuli, na uamuzi ulikuwa wa golini.

Hilo ndilo nililowaeleza watu baadaye, na ni kweli. Ukweli mwingine sikuwaeleza. Nilimtaka yule tai. Mabawa yake yalikuwa na manyoya yanayopishana, kila unyoya unahitaji sindano ilale upande wake, na hakuna msalaba wa sare ya kanisa uliowahi kuniuliza swali kama hilo. Nilimpanchi upya kwa siku nne. Nilifunga kibanda mapema nikakaa kwenye kompyuta nikisahau chai. Nilipomshona mara ya mwisho na kumnyanyua kwenye mwanga, hakuwa na kosa hata moja, na nilifurahi kama msichana.

Meneja alipokuja kuichukua, mkono wangu ulifanya ulichofundishwa. Nilikata kadi, nikaifunga kwa uzi kwenye kola, nikaandika "Imekubaliwa". Nikatia sahihi. Chini yake nikaandika: Ndinda, Mtunza Jezi, Nzuki. Akaniomba na faili la tai kwenye flashi, nikampa. Sikumwambia Mwalimu, kwa kuwa hakukuwa na la kumwambia. Nilishuku kidogo yule kijana alivyoiangalia kadi kwa muda mrefu. Nasema nilishuku, na nikarudi kwenye sweta zangu.

Wiki chache baadaye Mwalimu akanijia amevaa suti. Mwekezaji alikuwa amepeleka fomu kwa kamati ya ligi, akitaka timu ibadilishwe jina, rangi na nembo. Mwenyekiti alikuwa ameshatia sahihi. Walimfuata Mwalimu nyumbani mara mbili akawafukuza.

"Wako na sahihi moja tu," akasema. "Wanahitaji mbili, na mimi wamenikosa. Twende na wewe, Ndinda. Uwaambie mtunza jezi pia amekataa. Tukishinda leo, timu inabaki kwetu."

Nilivaa rinda langu la kanisani nikaenda naye, na hata njiani, niwe mkweli, sikuiwazia ile kadi. Kwangu haikuwa karatasi ya aina hiyo.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na chupa za maji. Mwalimu alisimama akaeleza habari za klabu tangu mwanzo, kwa sauti ileile ya darasani, daftari la wanachama mkononi. Alisema vizuri. Nilimwona mjumbe mmoja akitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha meneja wa viatu vyeupe akafungua mfuko, akaitandaza jezi ya buluu mezani, akageuza kadi iangalie juu.

Mwenyekiti wa kamati akaisoma, akanitazama.

"Mama, wewe ndio Ndinda?"

"Ndio mimi."

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, lakini—"

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana. Lakini hiyo ni sahihi ya kazi. Kule kiwandani, ukimaliza sampuli, unaweka sahihi kuonyesha sindano iko sawa. Haimaanishi unapenda. Hii jezi ilikuwa bado ianikwe golini."

"Ianikwe?" akauliza mmoja, na wawili wakatabasamu.

"Mama," akasema mwenyekiti wa kamati, bila ukali, "hapa imeandikwa 'Imekubaliwa'. Na umeandika cheo chako cha klabu, hujaandika fundi. Hiyo kuanika iko kwa katiba?"

Mwalimu alijibu badala yangu. "Haiko kwa katiba," akasema. Kisha akakaa chini. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia tai, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, macho yangu yalikuwa yanakagua mabawa.

Hawakuchukua muda. Sahihi zilikuwa mbili, na timu haikuwa Nzuki tena. Kwa kuwa haikuwa Nzuki, ile sentensi ya Mwalimu haikuwa na kitu cha kufunga. Msimu ulipoanza timu ilichezea Nairobi, ikiwa na jina la kampuni ya nyumba. Jina la Nzuki na mzinga wetu vilibaki kwenye karatasi za Mwekezaji. Hakuvihitaji, lakini hakuvirudisha.

Tulipotoka chumbani Mwalimu alinipeleka hoteli ya ghorofa ya chini akaagiza chai mbili. Hakuinywa yake. Nilianza kumweleza habari za Meneja wa Sampuli na yule samaki, nikaona maneno yangu hayamfikii, nikaacha. Akasukuma kikombe kando, akasema:

"Iko kazi kwa yule tai, Ndinda. Nyuki wangu hujawahi kuwashona hivyo."

Ilikuwa kweli. Nyuki wake niliwashona kwa miaka nikimlaumu yule wa bawa fupi. Ningepewa nafasi ya kuchagua tusi la kutukanwa siku ile, nisingepata zito kuliko hilo, na hakulisema kama tusi.

Watu wa mjini walisema nilihongwa. Nilitamani iwe hivyo, maana mtu aliyehongwa anajua alichofanya na kwa nini. Akina mama walihamisha sare zao kwa fundi mwingine. Yule meneja alirudi kuniomba nishone jezi zote za timu mpya nikamfukuza, akaenda zake akicheka. Hakunihitaji. Faili alikuwa nalo, na mashine yoyote inaweza kulifuata. Sasa tai wangu yuko kwenye televisheni. Wako vijana wa bodaboda hapa Machakos wanaovaa jezi ile ya buluu, maana ndiyo timu wanayoiona ikishinda, na hawajui ilitoka wapi. Huwa naangalia kifuani mwao nikitafuta uzi uliolegea. Sijaupata.

Nimestaafu sasa. Mashine nimeiuza, macho hayaingizi uzi kwenye sindano bila miwani. Vijana huniuliza kama ni makosa timu kuwa na mwenyewe tajiri. Sijui kuwajibu kisomi. Najua timu inakula, na michango ya Jumapili hailishi. Lakini najua pia kwamba yale tuliyoyaona ya lazima hatukuyaandika, tukaandika yale tuliyoyaona madogo, na mwenye mali husoma karatasi. Nikiwa fundi niliamini kazi nzuri haiwezi kumdhuru mtu. Siamini hivyo tena, na nimebaki na huzuni ambayo haitoki hata nikiomba.

Nimalizie na siku ya ukumbi wa kanisa. Wanachama waliobaki walikutana kuanzisha timu upya, kutoka ligi ya chini kabisa, kwa jina lingine ambalo hata leo mashabiki hulisahau, na jezi za kahawia zisizo na nembo yoyote. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Mwalimu, amezeeka ghafla, alisoma katiba mpya kifungu kwa kifungu. Kuanika golini kulikuwa kumeandikwa, ukurasa wa kwanza. Alipofika kwa maafisa, akasoma mwenyekiti, akasoma katibu, akavua miwani.

"Jezi atafua Ndinda," akasema. "Hakuna mtu hapa anajua jezi kumshinda. Lakini sahihi ya mtunza jezi nimeitoa kwa katiba. Atafua, atashona, hataweka sahihi." Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Uko na swali, Ndinda?"

Watu wote waligeuka.

"Sina swali, Mwalimu."

"Basi wanaokubali wainue mikono."

Mikono ikainuka, na mimi nikainua wangu, nikaushikilia juu mpaka alipomaliza kuhesabu.